Ubao wa Picha Umegoma: Kutafuta Kasoro Pale Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo Anaposhindwa Kueleweka

"Mwalimu, huu ubao haufanyi kazi. Mtoto hautaki." Nimeyasikia maneno haya mara nyingi kuliko salamu. Mzazi anafika kitengoni, anaufungua ubao wa picha, ule ambao mtoto asiyeweza kutamka huonyesha picha ili kusema analotaka, uliozungushiwa khanga, anauweka mezani kama mtu anayerudisha redio mbovu dukani. Ubao wenyewe safi, haujachubuka hata pembeni, na hapo napata fununu ya kwanza.

Mimi hufundisha watoto wenye mtindio wa ubongo. Haya hapa ni malalamiko ninayoletewa tena na tena, na sababu zake, nikianza na ile ninayokutana nayo sana. Fuata mpangilio huo. Usianze kununua tableti kabla hujatazama kiti anachokalia mtoto, na usimlaumu mtoto kabla hujatazama kila kitu kinachomzunguka, pamoja na wewe mwenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Mtindio wa ubongo ni ubongo kuumia ungali mchanga: kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa pale mtoto anapochelewa kulia, au baadaye kwa manjano makali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Amri za kwenda kwenye misuli ya pumzi, koo, ulimi na midomo zinafika zimevurugika. Kuelewa ni suala jingine. Wapo watoto wenye ulemavu wa akili pamoja na huu, na wapo wasioweza kutamka "maji" lakini wanaucheka mzaha kabla ya watu wazima kuupata. Jina lenyewe linawaponza: mtu akisikia "mtindio wa ubongo" anasikia "hana akili". Basi anzia kwenye dhana kwamba anaelewa, mpaka upimaji mzuri ukwambie vinginevyo.

"Hautazami ubao, wala haugusi"

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya wengi: hakuna mtu mwingine nyumbani anayeongea kwa ubao huo. Mtoto yeyote husikia watu wakisema kwa mwaka mzima ndipo atoe neno lake la kwanza. Huyu wetu tunampa ubao Jumatatu, Jumatano tunamwuliza mbona kimya. Jipime kwa siku moja tu: ni mara ngapi mtu mzima amegusa picha huku akizungumza naye? Ikiwa jibu ni "sijawahi", tatizo umeshalipata.

Dawa yake ni nyepesi ila inataka subira. Chagua nyakati mbili za siku, tuseme kula na kuoga. Ukisema "maji ya moto", gusa picha ya maji. Ukisema "basi, tumemaliza", gusa "basi". Usimlazimishe arudie, wala usimshike mkono kumgusisha. Fanya hivyo wiki kadhaa. Macho ndiyo huanza kufuata, kisha mkono.

Sababu ya pili: ubao uko kabatini. Ukihifadhiwa usichafuke, ni sawa na kumfunga mtoto mdomo ili meno yasichakae. Uwe mahali alipo: umefungwa kwenye kiti, umetundikwa ukutani usawa wa macho yake, na mdogo wa kadi tatu nne uning'inie shingoni mwa mlezi.

Ya tatu: hana la kusema nao. Mbao nyingi ninazoletewa zina maji, chakula na choo, zimeishia hapo. Hebu fikiria wewe uruhusiwe maneno hayo matatu kuanzia asubuhi hadi usiku. Weka yanayofanya kazi kila mahali: *nataka, sitaki, tena, basi, nipe, njoo, twende, bado, nini, nani, wapi, yangu, nisaidie, inauma, si hivyo.* Kwenye Kiswahili hili lina uzito wake. Programu nyingi za picha zimejengwa kwa Kiingereza, picha moja kwa neno moja; ukizitafsiri hivyo hivyo mtoto anabonyeza "mimi", "kutaka", "maji", na watu wanadhani hajui kusema. Sisi "nataka" ni neno moja, na "sitaki" ni jingine. Kila moja lipewe picha yake.

Na usisahau *shikamoo*. Nilikuwa na mvulana wa miaka tisa ambaye babu yake hakuwa akimsemesha. Alikuwa akipita barazani na kumpapasa kichwa tu, kama anayepita mbuzi. Tukamwekea kitufe cha sauti, binamu yake wa umri ule ule akarekodi "Shikamoo babu". Jioni babu alipopita, mtoto akakibonyeza kwa ngumi. Babu alisimama, akageuka, akasema "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?" Halafu akakaa chini kusubiri jibu. Jibu halikuwepo kwenye kitufe. Kesho yake tukaongeza cha pili.

Ya nne ni macho. Makengeza, mtoto wa jicho, au macho mazima lakini ubongo haupokei vizuri kinachoonekana. Huyu wa mwisho ana dalili yake: hutazama picha, kisha hugeuza uso pembeni *wakati* mkono unakwenda kuigusa. Wengi hudhani ana dharau. Jaribu picha moja kubwa juu ya kitambaa cheusi, vitu vingine viondolewe, mwanga utoke nyuma ya mtoto. Akibadilika, mpeleke kliniki ya macho kabla ya kuongeza picha nyingine yoyote.

Kuna hofu moja inayowafanya wazazi waufiche ubao kwa makusudi: kwamba utamfanya awe mvivu, asiseme tena kwa mdomo. Mwaka 2006 watafiti Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walikusanya tafiti zilizofanyika na kuchambua visa 27 vya watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia za namna hii. Asilimia 89 usemi wao uliongezeka, waliobaki haukubadilika, na hakuna hata mmoja aliyepungukiwa. Ongezeko lenyewe mara nyingi lilikuwa dogo, nisikudanganye. Lakini hofu ile haina msingi.

"Mkono unakwenda kusiko"

Hapa watu hukimbilia kubadili picha. Tazama makalio kwanza.

Mtoto anayening'inia kitini anatumia nguvu zake zote asianguke. Mkono unakosa nguvu iliyobaki. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti. Nyonga, magoti na vifundo vikunjike kama pembe ya kitabu kilichosimama. Nyayo zikanyage kitu, hata tofali lililofungwa kitambaa. Mbele awe na meza inayofika usawa wa viwiko, na viwiko vipate pa kuegemea. Kama hakuna fedha za kiti maalumu, kuna viti vinavyotengenezwa kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa gundi ya unga wa ngano, ufundi ulioanzia Zimbabwe na kusambaa hadi kwetu. Kikikauka vizuri kinabeba mtoto bila wasiwasi. Lakini vipimo apime mtaalamu wa mazoezi ya viungo au wa tiba kazi, kwa sababu kiti kibaya kinaweza kuongeza kupinda kwa mgongo.

Pili, tazama ubao uko upande gani. Kwa watoto wengi hawa, shingo ikigeuka kulia, mkono wa kulia hunyooka wenyewe na wa kushoto hujikunja, bila kukusudia. Ukiweka picha pembeni unaiwasha hali hiyo. Ubao ukae katikati, mbele ya kifua.

Tatu, picha ni ndogo au zimebanana. Anza na nne kwenye karatasi ya A4, zikiwa na nafasi kati yake. Kwenye simu au tableti, weka kizuizi juu ya kioo: plastiki ngumu iliyokatwa matundu juu ya kila picha, ili mkono uegemee bila kubonyeza na kidole kiingie tunduni. Pia tafuta, ndani ya mipangilio ya simu ya watu wenye ulemavu, sehemu ya kuongeza muda wa kugusa, ili mguso wa bahati mbaya usihesabiwe.

Nne, na hii kwa kweli ingestahili kuwa ya kwanza, hatusubiri. Bibi mmoja alimwuliza mjukuu wake mbele yangu, "Unataka uji au chai?" Mkono ukaanza kuinuka kutoka pajani, ukayumba, ukarudi. Sekunde ya tatu bibi akasema, "Haya, uji," akasogeza kikombe. Nikamwomba, "Bibi, safari hii tumsubiri." Akauliza tena, nami nikahesabu kimoyomoyo. Kwenye nne mkono uliinuka. Kwenye saba kiwiko kilikaza, vidole vikajifunga. Kwenye kumi na moja ngumi ilitua juu ya picha ya chai, ikateleza, ikaacha alama ya udenda. Bibi akakaa kimya kidogo. "Miaka yote hii namnywesha uji asioutaka," akasema.

Hesabu mpaka kumi na tano. Usirudie swali katikati, maana kila ukirudia anaanza upya.

Ikiwa kiti ni kizuri, picha ni kubwa, umesubiri, na mkono bado haufiki, achana na mkono. Tumia macho. Chukua plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kata tundu katikati, bandika picha nne kwenye pembe nne, uinue kati ya uso wako na wake. Yeye anatazama pembe anayoitaka, wewe unayafuata macho yake kupitia tunduni. Kumbuka kulia kwake ni kushoto kwako. Bandika picha ile ile na upande wako ili usichanganye. Au mtajie moja moja: "Uji? Chai? Maziwa? Kingine?" naye akupe ishara yake ya ndiyo ukifika. Hilo la "kingine" usiliache kamwe.

Simama hapa na umwite mtaalamu iwapo kukaa au kunyoosha mguu kunamliza, hasa wakati wa kumbadilisha nguo. Nyonga za watoto hawa huweza kuchomoka taratibu. Usimlazimishe mkao, apigwe picha ya nyonga.

"Kila nikimwuliza anajibu ndiyo"

Hili ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila kitu kingine kinasimama juu ya ndiyo na hapana.

Sababu kubwa: ishara yake hamjakubaliana. Mama anaona tabasamu ni ndiyo, dada anaona kupepesa ndiyo, na mtoto mwenyewe anatabasamu kwa sababu anasemeshwa. Kaeni kikao kidogo. Tafuteni miendo miwili ambayo anaweza kuirudia mara tano mfululizo bila kuchoka: kutazama juu na kutazama chini, kutoa sauti na kunyamaza, kuinua mkono na kuuacha. Kisha mjaribu kwa maswali ambayo jibu lake unalijua na analijua: "Huyu ni mama?" ukimwonyesha mbuzi. Watoto hupenda sana kutukosoa.

Mtoto ambaye chanzo chake kilikuwa manjano makali ya uchanga anahitaji uangalifu zaidi. Baadhi yao hushindwa kabisa kupandisha macho juu. Ukimpa "tazama juu" iwe ndiyo yake, umempa ishara isiyowezekana, na utamwita mkaidi. Watoto hao hao pia wako hatarini kupungukiwa usikivu, wakati mwingine wa namna ambayo sauti wanaisikia lakini maneno hayaeleweki. Ndiyo maana nasisitiza: masikio yapimwe kabla ya kusema mtoto haelewi. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo naye apimwe.

Sababu ya mwisho ni sisi kuuliza maswali ya mtego. "Unataka maji, sivyo?" Hapo hata mimi ningesema ndiyo.

"Sauti anatoa, ila watu wa nje hawamwelewi"

Mama anaelewa, kaka anaelewa, mwenye duka haelewi. Mtoto wa namna hii mara nyingi hanyang'anywi tu ubao bali hapewi kabisa, kwa kuwa "si anaongea". Ubao kwake ni fimbo ya kutembelea: hausemi badala yake, unamsaidia pale usemi unapochechemea.

Angalia kelele kwanza. Zima redio, sogea, kaa usawa wa uso wake. Nusu ya lawama huishia hapa.

Kisha angalia pumzi. Sentensi ndefu inaishiwa hewa katikati na mwisho wake unamezwa. Mfundishe kuvuta pumzi, kuanza kusema mara hewa inapoanza kutoka, na kukata maneno: "Nataka daftari. La hesabu. La kaka." Lindsay Pennington na wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliwafundisha watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo pumzi, nguvu ya sauti na mwendo wa kusema, vikao vitatu kwa wiki kwa wiki sita. Baada ya hapo wasikilizaji walielewa maneno yao mengi zaidi, hata wasikilizaji wasiowajua. Makundi yalikuwa madogo, lakini kwangu funzo la mazoezi ya mara kwa mara limesimama. Kupuliza puto na kunyonya mrija, ambako kunapendwa sana, sijakuona kukimfanya mtoto atamke vizuri zaidi. Anayetaka kusema afanye mazoezi ya kusema.

Halafu mpe kianzio. Kabla hajasema, aguse picha ya mada: shule, chakula, mpira, ugonjwa. Msikilizaji akishajua kinachozungumzwa, masikio yake yanajaza mapengo.

Kwa anayejua kusoma kidogo, ziko mbao za herufi ambapo mtoto huonyesha herufi ya kwanza ya kila neno anapolitamka. Zimewasaidia wengi ughaibuni, lakini kwetu zinakwama, na nilichelewa kujua kwa nini. *Ninataka, ninakwenda, ninaumwa, nimeona*: yote ni *n*. Herufi ya kwanza ya kitenzi chetu inataja mtendaji, haitaji jambo. Sasa nawafundisha waonyeshe silabi ya mzizi: *ta* ya kutaka, *u* ya kuumwa, *o* ya kuona.

Na silabi zenyewe tunazo tayari. Ile chati ya *ba be bi bo bu* iliyobandikwa kila darasa la kwanza ni kifaa cha mawasiliano ambacho hakuna mtu aliyekipa jina hilo. Mistari ni konsonanti, safu ni irabu tano. Mtoto anahitaji kuchagua mara mbili tu kupata silabi yoyote: mstari, kisha irabu. Asiyeweza kugusa anatajiwa: "Mstari wa *ba*? wa *cha*? wa *da*?" anaitika, "*a*? *e*? *i*?" anaitika. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu na yanasomeka yanavyoandikwa, silabi mbili zinatosha mara nyingi msikilizaji kumalizia neno. Ila mwulize kila mara, "Ni hilo?" Kumkatisha na neno ambalo si lake kunamuudhi kuliko kusubiri.

Maonyo mawili, na nayasema kwa nguvu zangu zote. Usimpeleke mtoto akakatwe kimeo, wala kile kiuzi cha chini ya ulimi, kwa mkunga wa mtaani au jirani mwenye wembe. Tatizo liko kwenye ubongo, halipo kooni. Kinachopatikana ni damu nyingi na maambukizi. Ulimi uliofungwa kweli upo, lakini daktari ndiye aseme. Ya pili: kama sauti inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, kama anakohoa au kupaliwa akila, au nimonia inamrudia, chakula kinaingia njia ya hewa. Usifanye mazoezi ya kusema wakati wa kula. Mpeleke hospitali apimwe umezaji, na usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

"Simu imekuwa bubu"

Hili ndilo rahisi kupita yote. Sauti ya midia iko chini ingawa ya mlio iko juu. Bluetooth imeshika spika ya jirani. Chaji imeisha kwa sababu ndugu walikuwa wanacheza gemu. Kioo kimelowa udenda na mguso unarukaruka. Futa kwa kitambaa kikavu, funga kitambaa cha kifundo mkononi mwa mtoto. Kama inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu, nenda kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti, chagua Kiswahili na upakue sauti yake ukiwa na bando, ili baadaye ifanye kazi bila mtandao. Ikishindikana, rekodi. Mtafute mtoto wa umri na jinsia ileile. Msichana wa miaka saba asiongee kwa sauti ya mjomba. Bandika programu ya picha kwenye skrini ili asitoke nje kwa bahati mbaya.

Betri iliyovimba, acha kutumia siku hiyo hiyo, na usiitoboe. Vitufe vya sauti vyenye betri ndogo za duara vifungwe kwa skrubu: mtoto akimeza betri hiyo inaunguza koo ndani ya saa chache. Kimbia hospitali hata kama haonyeshi dalili.

Na uwe na ubao wa karatasi daima. Umeme ukikatika, karatasi haizimiki. Kama huna pa kulaminisha, selotepu pana ya kufungia maboksi inatosha.

"Nyumbani anaongea, shuleni kimya"

Fungua begi. Karibu kila mara ubao umo humo humo ulimowekwa asubuhi.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kumsoma mtoto mmoja kwa mwezi. Msaidie kwa ukurasa mmoja uliobandikwa mbele ya ubao, ulioandikwa kama mtoto mwenyewe anasema: *Naitwa fulani. Ndiyo yangu ni kutazama juu. Hapana yangu ni kufumba macho. Nisubiri mpaka kumi na tano. Nakaa vizuri nikiwa na kitu miguuni. Napenda mpira.* Kisha hakikisha maneno ya shule yamo: *teacher* wanavyomwita, majina ya wenzake, *sijaelewa*, *najua jibu*, *zamu yangu*. Wafundishe watoto wawili wa jirani yake namna ya kumsubiri. Watoto hujifunza haraka kuliko sisi, na wakishajua, wataanza kumpenyezea siri za darasani kupitia ubao huo.

Tazama pia saa. Dawa nyingine za kifafa, kama fenobabu, humfanya asinzie. Ikiwa ukimya ni wa asubuhi baada ya dozi, mweleze daktari. Usipunguze wala kuacha dawa mwenyewe. Kifafa kikirudi kwa kishindo kinaweza kumwua.

"Anarusha ubao, anajiuma, analia"

Chukulia kwamba anaumwa mahali mpaka uthibitishe siyo. Meno yaliyooza, choo kigumu cha siku nyingi, nyonga, sikio, tumbo linalochoma baada ya kula. Weka mchoro wa mwili kwenye ubao, mguse sehemu moja moja, umwulize. Kisha angalia kama ana *sitaki* na *basi*. Mtoto asiye na neno la kukataa atakataa kwa meno na ngumi, na akikataa kwa ubao akapuuzwa, atarudi kwenye ngumi. Siku za mwanzo, akisema "basi", achishwe kweli, hata kama vimebaki vijiko viwili.

Katika mchoro huo wa mwili usiache sehemu za siri. Wazazi huona aibu, nami nawaelewa, lakini watoto wasioweza kusema ndio wanaochaguliwa na wakatili kwa sababu hiyo hiyo. Wape *ameniumiza*, *amenishika*, na picha za watu wote wanaoingia nyumbani. Akikuonyesha jambo la namna hiyo, usimhoji maswali mengi, usimwonyeshe picha moja moja kumtafuta mtu. Mwambie umemsikia, mfikishe hospitali na dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ya watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya.

"Alikuwa anaweza, sasa hawezi"

Hapa hakuna ukaguzi wa nyumbani. Jeraha la mtindio wa ubongo haliongezeki. Mwili unaweza kukakamaa na kuchoka mtoto anavyokua, lakini mtoto aliyejua picha ishirini akabaki na tano, aliyekuwa akitazama akaacha, au sauti ikapotea, ana jambo jipya: kifafa cha kimyakimya kinachoonekana kama kuduwaa, usikivu kushuka, maji kujaa kichwani, mrija uliowekwa wa kutoa maji hayo kuziba, au ugonjwa mwingine ambao haukutambuliwa. Apelekwe wiki hii. Kama anatapika, anaumwa kichwa na kusinzia sana, apelekwe leo. Degedege likizidi dakika tano, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mkimbize hospitali.

Ukienda kwa mtaalamu

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache kwetu; Makerere kule Uganda ilianza kufundisha shahada yake mwaka 2008 tu. Usikate tamaa kwa kuwa hayupo wilayani. Daktari wa watoto, mtaalamu wa tiba kazi na mwalimu wa elimu maalumu wanaweza kuanza nawe. Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hupokea watoto wenye ulemavu, na vitengo maalumu vya shule za msingi vina walimu. Kenya kuna vituo vya EARC vya kaunti vya kupima mahitaji ya mtoto, na KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, iliyoko Nairobi. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walikwenda hadi majumbani kuwafundisha walezi njia hizi, wakachapisha waliyoyasikia kwao mwaka 2014. Kazi ilifanyika vijijini, siyo kwenye chumba chenye mashine.

Siku ya kwenda, beba ubao wenyewe hata kama umechakaa. Mrekodi kwa simu akiwa anakula dakika mbili na akiwa anaongea nawe dakika mbili, nyumbani, siku ambayo hajachoka; kliniki mtoto hunyamaza kwa woga na daktari akaandika "hasemi". Andika dawa anazotumia na saa zake, maneno anayoyaweza kwa mdomo, na anayoyaweza kwa picha. Ukifika, mweleze daktari ishara ya ndiyo, halafu sogeza kiti cha mtoto kidogo mbele, ili swali la kwanza aulizwe yeye.